Mpangaji Asiyeweza Kupanga

Hotuba iliyotolewa mbele ya wenye nyumba, wapangaji na viongozi wa mitaa, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, ndugu zangu wenye nyumba, ndugu zangu wapangaji, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunialika nizungumze juu ya ongezeko la nyumba za kupanga katika mji wetu na hali ya usalama wa makazi ya wale wanaoishi humo. Ni vema niseme mapema ninasimama hapa kwa sifa gani. Nimefundisha shule za msingi katika jiji hili kwa miaka 34. Katika miaka hiyo nilikuwa mpangaji kwa miaka 19, katika nyumba sita tofauti, na tangu 2013 mimi ni mwenye nyumba, nina vyumba vitatu uani kwangu na wapangaji watatu. Kwa hiyo nitakapomsema mwenye nyumba nitakuwa najisema mwenyewe, na nitakapomsemea mpangaji nitakuwa nakumbuka nilikotoka.

Katika lugha yetu, kuishi kwenye nyumba ya mtu kwa kulipa kodi ni kupanga, na kuweka mambo ya kesho katika mstari wake ni kupanga pia. Hoja yangu ya leo iko katikati ya maana hizo mbili. Tumeuacha upangaji ukue mpaka ukawa ndiyo njia ambayo watu wengi wa mjini wanaipata paa, na wakati huohuo tumeuacha uwe upangaji ambao aliyemo ndani yake hawezi kupanga lolote linalovuka miezi sita. Hajui kama mtoto atamaliza darasa pale alipoanzia, hajui kama mteja wa genge lake atamkuta mahali pale pale mwakani, na anapopanda mchicha uani huwa anajiuliza kama atauvuna yeye.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na inafaa vijana waliopo hapa walisikie hilo. Mwaka 1962, nchi ikiwa bado changa kabisa, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubomoa vibanda duni na kujenga nyumba bora za watu wa kipato cha chini. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutaifisha majengo ambayo thamani yake ilizidi shilingi 100,000 na ambayo mwenyewe alikuwa ameyapangisha, na majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ambayo mwaka 1990 iliunganishwa na Shirika la Nyumba. Tulikuwa na benki yetu ya nyumba, ambayo shughuli zake zilikoma mwaka 1995. Kuanzia 1974 vilipimwa viwanja vyenye huduma kule Sinza, Kijitonyama, Mikocheni, Tandika na Mtoni. Na kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984, yenye mabaraza yake, ambayo ilimzuia mwenye nyumba kupandisha kodi anavyotaka na kumtoa mtu bila sababu inayokubalika mbele ya baraza. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005.

Wakati hayo yakijengwa na kubomolewa, watu walikuwa wanakuja. Sensa ya 1967 iliukuta mkoa huu ukiwa na watu wasiofika laki nne. Sensa ya 2022 imewakuta watu 5,383,728. Shirika la Nyumba, kwa kazi yote nzuri liliyofanya, nyumba zake za kupangisha kwa nchi nzima zinahesabika kwa maelfu. Sasa jiulizeni mamilioni haya ya watu walilala wapi usiku wa kwanza walioshuka kwenye basi au kwenye treni. Walipokelewa na watu kama sisi. Walipokelewa na fundi cherehani aliyeongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yake Manzese, na mjane wa Tandale aliyehamia chumba kimoja ili apangishe vitano, na askari mstaafu aliyemwaga kiinua mgongo chake chote kwenye matofali ya Kitunda. Hawakupewa mkopo wala ruzuku, na aghalabu hata kiwanja walinunua kwa karatasi ya kuandikishana mbele ya mjumbe. Mtu anayesimama kumlaumu mwenye nyumba wa uswahilini bila kwanza kumshukuru kwa kuujenga mji huu hajaujua mji huu.

Lakini shukrani haizuii kusema kweli, na kweli yangu naijua kwa mwili wangu. Naomba mnivumilie niieleze kwa kirefu kidogo.

Mwaka 2007 nilikuwa nimepanga vyumba viwili Mburahati, katika nyumba ya Kiswahili kama mnavyoijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani kuna choo, bafu, bomba na jiko la kuchangia. Mama mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, na kila jioni alitandika mkeka barazani. Kodi ikichelewa wiki mbili alikuita pale pale mkekani akakusemesha kwa sauti ya chini ili wenzio wasisikie, na mgonjwa akizidiwa usiku yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukugongea mlango. Alifariki Januari ya mwaka huo. Watoto wake, ambao nyumba ilikuwa haki yao ya urithi, waliiuza mwezi Machi, na mwezi Aprili mnunuzi alikuja na karatasi iliyochapwa iliyotupa siku 14 za kuondoka.

Mimi nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita, na ilikuwa imebaki mitatu na ushei. Nilipomuuliza mnunuzi habari ya fedha yangu alinijibu kwamba hakupokea hata senti moja kutoka kwangu, na alisema kweli. Warithi walinijibu kwamba fedha ilipokelewa na marehemu na wao hawakuiona, nao nina hakika walisema kweli. Mkataba wa maandishi sikuwa nao. Nilikuwa na daftari la shule ambalo marehemu aliniandikia tarehe na kiasi kila nilipolipa, na chini yake jina lake kwa herufi kubwa, kila herufi imesimama peke yake. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Siku ya kumi na tano, saa moja asubuhi, alikuja fundi na ngazi akaanza kung'oa mabati ya uani, yale yaliyofunika choo na jiko. Hakumgusa mtu wala hakutoa kitu cha mtu nje, na alitusalimia vizuri kabla ya kupanda. Mvua ya masika ilipoanza saa nne, kila familia ilianza kufunga vitu vyake bila kuambiwa. Godoro letu tulilizungushia nailoni tukalifunga juu ya mkokoteni, na mke wangu alitembea kando yake akiwa ameshika sufuria ya wali ambao ulikuwa haujaiva.

Mwanangu wa pili alikuwa darasa la saba. Alikuwa amekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa taifa katika shule ya pale, na chumba tulichokipata kwa haraka kilikuwa Gongo la Mboto. Kwa hiyo kuanzia Aprili mpaka Septemba mtoto wa miaka 13 alikuwa akiamka saa kumi usiku, anapanda daladala mbili, na kama mnavyojua makondakta hawapendi kujaza gari kwa nauli ya mwanafunzi. Mara nyingi aliachwa kituoni mpaka gari la nne au la tano. Mimi ni mwalimu, na sikuweza kumlinda mwanangu mwenyewe na jambo ambalo nilikuwa nikiliona kila mwaka kwenye rejista.

Kila mwalimu wa mjini ana kalamu nyekundu ya kazi hiyo. Majina ya darasa yanaandikwa Januari kwa mwandiko mzuri, na ikifika Julai, kodi za miezi sita zikiwa zimeisha, yanaanza kukatwa: kahama, kahama, kahama. Chini ya orodha yanaongezwa majina ya watoto waliohamia kutoka kwingine, na wengine hao nao hukatwa kabla ya Desemba. Nimewapokea watoto wa darasa la tatu wenye akili nzuri kabisa ambao walikuwa wamekwisha kusoma shule nne, na kila shule ilikuwa imefika mahali tofauti kwenye kitabu cha hisabati, hivyo mtoto alikuwa amefundishwa kujumlisha mara tatu na kugawanya hajafundishwa hata mara moja. Tunapozungumza juu ya usalama wa makazi, wengi hufikiria wezi na nondo za madirisha. Mimi hufikiria kugawanya.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo mambo mengi yamefungwa. Tuchukue chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, yaani 360,000, na wako wanaotaka mwaka mzima. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 60,000 nyingine, ukiacha ile hela aliyochukua kwa kukuonyesha vyumba vitatu ambavyo alijua hutavipenda. Jumla ni 420,000 kwa siku moja. Mama anayeuza maandazi na chai ambaye anabakiwa na 8,000 kwa siku baada ya kununua unga na mafuta anahitaji siku 53 bila yeye na watoto wake kula chochote. Hivyo huenda kwenye kikoba chake, na kikoba kisipotosha huenda kwa wale wakopeshaji ambao mtaani tumewapa jina linalowastahili, kausha damu. Analipa kodi mara moja na riba kila siku, na anapomaliza deni, miezi sita imeisha. Huyu mama hakosi uwezo wa kulipa 60,000 kwa mwezi. Tunachomdai ni kitu kingine: tunamdai awe na akiba ya tajiri ili apate chumba cha maskini.

Nikiwa upande wa pili wa mlango nimejifunza kwa nini tunadai hivyo, na sababu siyo roho mbaya. Nilipokuwa najenga, msingi niliusimamisha kwa mkopo wa mishahara, boma likapanda kwa miaka mitano, tofali kwa tofali, na mabati niliyapata kwa kodi ya miezi sita ya mpangaji wangu wa kwanza, ambaye niliahidiana naye wakati chumba chake hakina hata dari. Plasta ilitoka kwa wa pili. Mikopo ya nyumba ya mabenki kwa nchi hii nzima bado inahesabika kwa maelfu machache, na inamtaka mtu mwenye hati na mshahara unaopitia benki. Kwa mwenye nyumba wa kawaida, benki yake ni mpangaji. Mpangaji ndiye anayemkopesha, tena bila riba, naye mpangaji fedha hiyo ameikopa kwa riba ya kausha damu. Nikilitazama hivyo nashindwa kukaa kimya, kwa sababu ina maana kwamba sehemu kubwa ya nyumba zinazopanda pembezoni mwa jiji zinajengwa kwa njaa ya watu ambao hawatakaa humo.

Ndiyo maana wengine huamua kukimbia. Mtu akiona kodi imekaribia kuisha na mkononi hana kitu, anahamia kwenye pagala lake la Chanika au Mbagala Chamazi, madirisha yamezibwa kwa mabati na mifuko ya saruji, mlango ni pazia, choo ni shimo lililozungushiwa makuti. Jirani zake humpongeza kwamba sasa yuko kwake. Namwelewa, na mimi niliishi hivyo miezi minane kabla ya kuweka milango. Lakini tusiite hilo maendeleo ya makazi. Mtu anapoona pagala lisilo na choo lina usalama zaidi kuliko chumba kizuri cha kupanga, anakuwa ametupa hukumu juu ya upangaji wetu.

Kuna mabadiliko mengine yaliyokuja polepole mpaka hatukuyaona. Zamani mwenye nyumba alikaa humo humo na wapangaji wake. Alichota maji bomba moja nao, na aliyemtoa mtu bila haki alikutana na macho ya majirani kila asubuhi. Siku hizi mtaa mzima unaweza kuwa na vyumba vya masta na vyumba na sebule ambavyo wenyewe wanakaa Mbezi, Dodoma au Ughaibuni, na anayeonekana ni dalali au kijana wa kukusanya kodi. Kariakoo, ambako nyumba za Kiswahili zilipokea vizazi na vizazi vya wageni wa mji, kiwanja kimoja baada ya kingine kimekuwa ghorofa la maduka na stoo, na wapangaji wake wamesukumwa mpaka Gongo la Mboto na kwingineko, mbali na kazi zao. Sisemi magorofa yasijengwe. Nasema kwamba ile aibu ya barazani ilikuwa inafanya kazi ya sheria, na ilipoondoka hatukuweka kitu mahali pake.

Na sheria iliyokuwepo tulikuwa tumeifuta. Nimesikia watu wakiomba ile ya 1984 irudi kama ilivyokuwa, na hapo natofautiana nao. Kodi zilizogandishwa zilimfanya mwenye nyumba aache kuziba paa linalovuja, na wengi walipokea fedha nyingine chini ya meza kwa jina la kilemba. Walioifuta walisema inawakatisha tamaa wajenzi, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Kosa lilikuwa kwamba tuliitupa bei elekezi pamoja na ulinzi wa kutotolewa ovyo, ilhali hayo ni mambo mawili. Mwenye nyumba anaweza kuachiwa bei yake na bado akatakiwa kutoa notisi ya heshima.

Hata hivyo hatukubaki watupu kabisa, na hili naomba wapangaji walisikilize vizuri. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua kwamba mtu aliyeruhusiwa kukaa kwenye nyumba peke yake kwa kulipa kodi ni mpangaji hata kama hakuna karatasi. Inasema pia kwamba pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa wala namna ya kutoa notisi haikuwekwa, kipindi cha upangaji ni kile ambacho kodi hulipiwa, na notisi ya kuuvunja isipungue kipindi hicho. Anayelipa mwezi kwa mwezi ana mwezi wake, na anayelipa miezi sita ana hoja ya miezi sita. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yapo, na Baraza la Kata lipo kwa ajili ya usuluhishi kabla ya kufika huko. Mwaka 2007 sikuyajua hayo, nami nilikuwa mtu wa kusoma. Yule mnunuzi angenikuta na ujuzi huo na lile daftari la marehemu, pengine ngazi ile isingepandwa.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya nchi maskini peke yake. Huko England, mwanzoni mwa karne hii kaya iliyopanga kwa mtu binafsi ilikuwa takriban moja katika kumi. Sasa ni karibu moja katika tano. Sheria yao ya nyumba ya 1988, katika kifungu cha 21, ilimruhusu mwenye nyumba kumwondoa mpangaji ambaye muda wa mkataba wake umekwisha kwa notisi ya miezi miwili bila kutaja sababu yoyote, na kwa miaka mingi watoto wao nao walikuwa wakihamishwa shule. Mwezi Oktoba 2025 ilikamilishwa sheria mpya ya haki za wapangaji ambayo imekiwekea kifungu hicho kikomo, Mei 2026, na ambayo hairuhusu mpangaji adaiwe kodi ya kutanguliza inayozidi mwezi mmoja. Iliwachukua zaidi ya miaka 30 kufika hapo. Ujerumani zaidi ya nusu ya kaya zimepanga, na hakuna anayewahesabu kuwa watu walioshindwa maisha, kwa sababu mkataba wao wa kawaida hauna tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba anayetaka chumba chake lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria, mathalani kutaka kukaa humo yeye mwenyewe au jamaa yake wa karibu, na nyumba ikiuzwa mnunuzi huingia katika viatu vya yule aliyeuza, mikataba ikiwa palepale. Majirani zetu wa Kenya, ambako sensa ya 2019 ilikuta karibu kaya nane katika kumi za mijini zimepanga, bado wana sheria ya kudhibiti kodi na baraza lake, ila inawagusa wanaolipa si zaidi ya shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, na kiwango hicho Nairobi ya leo kimebaki kwa vyumba vya mabati. Sheria isiyohuishwa inakufa ikiwa imesimama.

Na sisi tuna mfano wetu wa nyumbani wa jinsi kungoja kunavyoumiza. Kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa katika nyumba zao za zamani, na takriban miaka kumi ikapita kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajazindua maghorofa mapya mwezi Machi 2022. Nawapongeza waliotimiza ahadi ile. Lakini miaka kumi ni elimu yote ya msingi ya mtoto mmoja na sehemu ya sekondari, na muda huo wote watu wale walikuwa wapangaji wa huku na kule kama mimi.

Mwaka 2019 nilifanya jaribio kwenye vyumba vyangu vitatu, na naomba niwaeleze lilivyokwenda bila kuficha. Niliacha kudai miezi sita. Kila mpangaji analipa mwezi kwa mwezi kwa simu, na ujumbe unaoingia kwangu ndio risiti yake na yangu. Tuliandikiana mkataba wa ukurasa mmoja. Mmoja wao aliondoka usiku akiwa na deni la miezi miwili, na ufunguo aliuacha juu ya ndoo. Iliniuma, kwa sababu mwezi ule nilikuwa nategemea fedha hiyo kwa dawa za mke wangu. Lakini wawili waliobaki wako mpaka leo. Mmoja amepaka rangi kwa fedha yake mwenyewe, na mwingine ameotesha mpapai uani ambao sasa tunakula sote. Katika miaka hiyo hakuna chumba kati ya hivyo viwili kilichokaa wazi hata wiki moja wala sijamlipa dalali. Nilipopiga hesabu, yule aliyekimbia alinigharimu kidogo kuliko miezi ya chumba kitupu niliyokuwa nikiipata zamani kila wapangaji walipobadilika.

Kwa hiyo ninachowaomba viongozi wa mitaa mliopo hapa hakihitaji kungoja Bunge, ingawa Bunge nalo nataka lifike, na suala la kodi ya miezi sita limekwisha kusemwa humo mara nyingi. Naomba kila ofisi ya mtaa iwe na mkataba wa Kiswahili wa ukurasa mmoja ambao mwenye nyumba na mpangaji wanaujaza mbele ya mwenyekiti, na nakala moja inabaki ofisini. Pale panapotozwa asilimia ya kodi kwa ajili ya muhuri, tozo hiyo iondolewe, maana ndiyo inayowafanya watu waandikiane gizani. Mkataba utaje kiasi, tarehe, namba ya mita ya LUKU na namna ya kuchangia umeme, na useme wazi kwamba ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji aliyekatwa arudishiwe au apunguziwe kwenye kodi yake. Malipo ya kutanguliza yasizidi miezi mitatu kwa kuanzia. Dalali alipwe na yule aliyemtuma.

Vipengele viwili navisisitiza kuliko vyote. Cha kwanza, nyumba ikiuzwa au mwenyewe akifariki, anayeipokea nyumba anampokea na mpangaji, mpaka kodi aliyolipa iishe na notisi yake itimie. Cha pili, notisi isipungue miezi mitatu, na kama ndani ya chumba kuna mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne aliyesajiliwa kwa mtihani, notisi isiishe kabla mtihani haujaisha. Najua mwenye nyumba mmoja aliyeko hapa ameniambia nje kwamba kipengele hicho kitawafanya watu wakatae kupangisha wenye watoto. Hoja yake ni ya kweli, kwa sababu hata leo swali la kwanza ambalo mama asiye na mume huulizwa ni ana watoto wangapi, na jibu likizidi wawili chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Jibu langu kwake ni kwamba mkutano wa mtaa unaoweza kukemea mtu anayetupa taka mtaroni unaweza kukemea na hilo, na kwamba mtihani mmoja ni miezi michache tu katika umri wa nyumba.

Nimechapisha nakala 40 za mkataba ninaoutumia nyumbani kwangu na nimeziweka kwenye meza iliyo karibu na mlango. Kipengele cha mrithi na mnunuzi ni cha tano, na kile cha mtoto wa mtihani ni cha sita. Pembeni nimeweka pia lile daftari la Mburahati, kwa anayetaka kuuona mwandiko wa marehemu. Ndugu Mwenyekiti, naomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao wa mtaa wako, nami nitakuja.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.